Malalamiko juu ya familia ya malezi ya kambo: kamati ya kijiji ianzie wapi?

Katibu_Isingiro
Habari zenu. Kijijini kwetu, hapa Uganda, kuna mtoto wa miaka 8 aliyewekwa na afisa wa probesheni (afisa wa serikali wa ustawi wa watoto) kwenye familia ya malezi ya kambo, yaani inayomlea kwa muda mtoto asiye wao. Majirani wanasema amekonda, analala jikoni, na anachota maji wenzake wakiwa shuleni. Mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) anataka tumhamishie kwa shangazi yake leo hii. Ni sawa? Na tukienda kutazama, tutazame nini?

MamaUstawi
Katibu, msimhamishe. Kumwondoa ni kazi ya afisa wa probesheni au mahakama ya familia na watoto. Mkimhamisha kienyeji, faili itaendelea kusema yuko kwa mlezi wa kwanza, na huko kwa shangazi hakuna atakayemfuatilia.

Jiulizeni kwanza: kuna hatari leo? Akiwa na majeraha ya kipigo au dalili za kunajisiwa, hakuna kikao. Pigeni 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure, na mwende kwenye dawati la familia na watoto la polisi. Aliyenajisiwa asioshwe, nguo zake zisifuliwe. Zifungwe kwenye karatasi, si kwenye kaveera (mfuko wa plastiki), maana unyevu huharibu ushahidi. Afikishwe kituo cha afya ndani ya saa 72, kwani dawa za kuzuia VVU hazisaidii zikichelewa kuliko hapo. Fomu PF3, ile ya polisi ya uchunguzi wa daktari, ifuatilieni, lakini matibabu yasiisubiri. Na wazee wakianza kutaja mbuzi wa kusuluhisha, kataeni kabisa.

Nesi_wa_Mtaa
Kama hakuna hatari ya leo, nendeni watu wawili, saa ya chakula cha jioni. Msipime umaskini. Nyumba ya udongo na posho (ugali) kwa maharagwe kila siku si kosa. Linganisheni mtoto huyo na watoto wa kuzaliwa humo ndani. Wote wakilala chini kwenye mkeka, hiyo ni shida ya familia nzima, inataka msaada. Wao wakiwa na godoro na neti, yeye yuko jikoni na gunia, huo ni ubaguzi. Sahani, sare na viatu ni vivyo hivyo.

Shuleni ombeni rejista ya mahudhurio, msitegemee maneno ya mlezi.

Juu ya kukonda: ule utepe wa kupima mkono wanaotumia VHT (wahudumu wa afya wa kijiji) una alama za watoto wa miezi 6 hadi 59 (chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu). Huyu wa miaka 8 utawadanganya kwamba yuko kijani. Apimwe uzito na urefu kituoni. Na kama anatumia dawa kila siku, nesi ahesabu vidonge: chupa ya 30, kimoja kwa siku, siku 20 zimepita, vibaki 10. Vikiwa 17, dozi 7 zimerukwa.

Katibu_Isingiro
Asanteni sana. Mtoto tumhoji mbele ya mlezi?

MamaUstawi
Hapana, kando, lakini mahali mnapoonekana. Usimuulize "anakupiga?" Muulize "jana ilikuwaje tangu ulipoamka?" Andika maneno yake kama alivyoyasema, tarehe na saa, na jina la jirani aliyelalamika lisitajwe kwa mlezi. Nakala moja mpelekee afisa wa probesheni kwa mkono, asaini kwamba amepokea.