Mimi wa Lindi, baba watoto wa Newala: likizo ya mwezi wa 6 watoto waanze kwa nani?

mama_wawili:

Habari za jioni wana kusini wenzangu. Nina jambo nataka ushauri ila naomba msinicheke, au basi mcheke mwishoni.

Mimi ni Mmwera, nimezaliwa na kukulia Lindi mjini, baba watoto ni Mmakonde wa Newala tena kijijini kabisa, sio pale mjini. Tulikutana Dar tukaoana, tukakaa Mbagala miaka 11 (ambako nako nusu ya mtaa ni watu wa huku), mwaka juzi kazi ikamrudisha Mtwara tukahama wote, sasa tupo Chuno. Watoto wawili, wa kike ana 12 wa kiume ana 8, na ukiwauliza kwenu wapi wanajibu Mbagala bila hata kufikiria.

Sasa umeme ukikatika huwa tunatandika mkeka nje tunaanza stori mimi na mwenzangu. Yeye lazima aanze na maji. Kwao enzi zile maji yalikua chini bondeni, mama yake anamuamsha saa tisa usiku wanashuka na ndoo, foleni, wanakuja kupandisha mlima jua limeshatoka, na maji yenyewe ukishaogea hayamwagwi, yanafulia, yakishafulia anapewa mpapai. Mimi nikimwambia sisi tukitoka chuo tunavua kanzu na baibui tunajitosa baharini mpaka mtu aje na fimbo, ananiangalia kama vile nilikua nachezea hela.

Alafu inakuja korosho. Jinsi walivyokua wanakula mabibo njiani sare ya shule inaingia doa lisilotoka mpaka nguo inachanika, jinsi ya kuchoma korosho kwenye debe lililotobolewa, moto unaruka juu na yale mafuta ya ganda yakikugusa ngozi inababuka, kovu analo mkononi na kila akisimulia lazima alionyeshe, nimeolewa nalo kovu lile. Na midimu, wale wachezaji wa vinyago! Anasema usiku ngoma zikilia wakati wa kutoa wali (vijana waliokua jandoni), watoto wote chini ya kitanda maana waliambiwa yule sio mtu, ni mfu katoka kaburini. Mimi huku nina pantoni ya Kitunda, maulidi ya kwa bibi, kukuna nazi mpaka mbuzi inakung'ata kidole, na ngalawa zikiingia asubuhi unatumwa na sufuria.

Tatizo sasa. Likizo ya mwezi wa 6 tumepata wiki moja na hela ya kwenda sehemu moja tu. Yeye anasema watoto kwao ni kwa baba, waende Newala. Mimi nasema waende Lindi. Yule wa miaka 8 juzi ametusikiliza weee alafu akauliza "kwa hiyo nyie mlikua masikini?" Baba yake akakosa jibu, mimi nikaingia ndani kucheka.

Nyie mlio kwenye ndoa za hivi, mlifanyaje? Na vile vitu ambavyo havipo tena unamuonyeshaje mtoto?

Mtani wa Masasi:

Mtani wangu wa Newala nampa pole, kaoa pwani sasa anataka kuwapeleka watoto wa watu wakale samaki nchanga 😂😂 Dada, kama hujui samaki nchanga ni nini muulize mumeo leo usiku, ila uwe umeshakula.

Tukiacha utani. Hayo mabibo anayoyasifia ni ya mwezi wa 10 na wa 11 mpaka wa 12 huko. Mwezi wa 6 utawapeleka kuwaonyesha majani. Tena huo ndo muda watu wako mashambani wanapulizia mikorosho salfa kwa ajili ya ugonjwa wa ubwiri unga, mtoto wa Mbagala atapiga chafya wiki nzima alafu useme kwao mumeo kuna uchawi. Mwezi wa 6 Newala utapata baridi tu. Baridi ya kweli, beba masweta, Shimo la Mungu pale jioni upepo unapanda kutoka bonde la Ruvuma unaona mpaka Msumbiji lakini meno yanagongana.

Kwa hiyo mimi nakwambia Lindi sasa, Newala msimu. Bahari haina msimu.

bibi kibarazani:

Mwanangu mama wawili, mimi nimezaliwa Lindi hapo Ndoro na wala sikucheki.

Mama yangu alikua anahesabu umri wa watu kwa tufani. Fulani kazaliwa kabla ya tufani, fulani alikua ananyonya siku ya tufani. Ni ile ya mwaka 1952 mwezi wa nne, iliyoangusha nyumba za Lindi na minazi. Sisi watoto tulijua tufani ni kama jina la mtu. Sasa ukimpeleka mtoto Lindi asione kitu cha tufani, atakuta mji umetulia tu, lakini mkalishe na mtu mzima mmoja pale kibarazani amuulize "bibi wewe ulizaliwa lini", basi atajibiwa kwa hadithi.

Umeuliza vitu ambavyo havipo. Nikupe changu. Mimi na marehemu mume wangu tulioana mwaka 1998, zile mvua za El Nino. Harusi Lindi, makazi Dar. Tumetoka Lindi na basi tumefika Dar siku ya nne, Ndundu tumelala usiku mbili tunasubiri pantoni, Rufiji imejaa mto hauna mwanzo wala mwisho, na kabla ya hapo basi limekwama kwenye tope mume wangu akashuka na suruali ya harusi akasukuma na wenzie, mimi nimekaa dirishani nina hina mkononi nalia. Mpaka anakufa mtu akimuuliza ulioaje anasema "nilioa kwa kusukuma". Sasa hivi wajukuu zangu wanapita daraja la Mkapa, lile la 2003, wamelala, wanaamka wanauliza tumefika? Nikiwaonyesha pale chini palikua na pantoni wanasema sawa bibi, wanarudi kwenye simu.

Ila nilivyofanya safari moja nilimwambia dereva asimame kidogo ng'ambo ya daraja, tukashuka, nikawaambia kaeni hapa kwenye hili jua dakika kumi hakuna kuongea na hakuna maji. Dakika ya nne wakaanza kulalamika. Nikawaambia haya, zidisheni mpaka zifike siku mbili. Hiyo stori hawajaisahau mpaka leo.

Chikongola Mjini:

Mnahangaika na nauli bure. Watoto wapo Mtwara, hata ya Mtwara hawajayamaliza. Panda daladala mpaka Mikindani, nusu saa hata haifiki, waonyeshe boma la Mjerumani la 1895 na zile nyumba za mawe, waambie Livingstone alipita hapo 1866 akielekea bara na hakurudi tena pwani akiwa hai. Siku nyingine pantoni ya Msangamkuu. Mmemaliza, hela mnanunua bati.

mama_wawili:

@Chikongola Mjini Mikindani wameshaenda na shule, wamerudi wanajua habari za Livingstone kuliko za babu yao, ndo shida yenyewe hiyo.

@Mtani wa Masasi nimemuuliza, kumbe ni panya. Nimejuta.

@bibi kibarazani shikamoo bibi, umeniliza, nimemsomea mwenzangu hiyo ya suruali ya harusi kanyamaza kimya. Alafu bibi umenikumbusha, babu yangu alikua anasema wazee wao walibeba mifupa ya yule mjusi mkubwa wa Tendaguru kichwani mpaka bandarini Lindi, siku kadhaa za kutembea, enzi za Mjerumani. Mjusi mwenyewe mpaka leo kasimama Berlin. Nikiwaambia watoto mifupa ya dainosaria imepita mtaani kwetu kichwani kwa watu, hapo ndo huwa wanainua macho.

Jamani kuna kingine sikukiandika juu. Mwaka jana tulienda msiba kwao Newala, nimekaa na wanawake jikoni, bibi mmoja mzee sana, mwenye nembo za chale usoni na tundu la ndonya, lile pambo la zamani, kwenye mdomo wa juu, akamuona mume wangu anapita akamuita jina ambalo sijawahi kulisikia. Jiko zima kimya. Mume wangu hakugeuka. Yule bibi akaziba mdomo, wenzie wakamsema kwa Kimakonde, baadae wakacheka. Nimemuuliza njiani kurudi, hasemi. Miaka 13 ya ndoa kuna jina silijui! Mnaojua nielezeni.

Kijana wa Kitangari:

Dada hapo nakusaidia. Hilo ni jina la utotoni. Kwetu kijana akishaingia jando akatoka anatoka na jina jipya, lile la zamani linabaki kule kule likumbini, kambini kwa jando. Ukimuita mtu mzima kwa jina la kabla ya jando ni kama umemwambia bado hujawa mtu. Wazee zamani ilikua ugomvi wa kulipishana. Yule bibi kateleza tu, uzee, pengine ndo aliyemlea. Kwa hiyo mumeo sio kwamba anakuficha, hilo jina sio lake tena. Usilitafute.

Ila nirudi kwenye swali lako maana naona wote mmelipita pembeni. Shemeji yetu anasema watoto kwao ni kwa baba? Hiyo kaitoa wapi, Mbagala? Mmakonde wa Newala mtoto anafuata ukoo wa mama, litawa lake ni la mama yake, na mwenye kauli ni mjomba. Wamwera nao hivyo hivyo, kwa mama. Zamani hata mume ndo alikua anahamia kwa wakwe akalime huko waone kama ana nguvu. Najua dini na mambo ya kisasa yamebadilisha mengi, mirathi siku hizi watu wanafuata vingine, lakini kama anataka kushinda kwa mila basi mila inasema hao watoto ni wa Lindi asubuhi na mapema. Mpigie kaka yako simu, yeye ndo mjomba, aamue. Kesi imeisha.

Mtani wa Masasi:

Hahahaha kijana wa Kitangari umemuuza ndugu yako mchana kweupe!! Hata Wayao na Wamakua tuko hivyo hivyo kwa mama, sikutaka tu kusema nisije nikaambiwa namuonea mtani.

somo wa Nachingwea:

Mimi naingia kwa jambo moja tu. Binti miaka 12, likizo, anaenda kwa bibi, ndugu watataka achezwe unyago. Iwe Lindi iwe Newala, wataleta hoja hiyo siku ya pili tu. Mkubaliane wewe na mumeo KABLA hamjapanda gari, sio mbele ya mashangazi. Mimi mwenyewe nimechezwa, siku ya kutolewa nimevishwa kanga mpya nimefunikwa mwavuli, natunzwa hela na siruhusiwi kuinua macho, nilijiona malkia na sijutii. Lakini mengine niliyofundishwa umri ule hayakua ya umri ule, na wenzangu wawili hawakurudi shule. Mwanangu nilimsubirisha mpaka kamaliza form foo, tukachagua somo wa kumfunda tunayemjua, tukakaa nae kwanza tukamwambia nini afundishe na nini aache. Ngoma ikapigwa, wali ukaliwa, mtoto kasoma. Wapo walionisema. Wamechoka wenyewe.

mama_wawili:

@somo wa Nachingwea ahsante dada, hilo hatukua tumeliongea kabisa, tumeliongea jana usiku mpaka saa sita. Tumekubaliana hachezwi mwaka huu wala mwaka kesho, na yeye ndo atawaambia kwao, mimi nitawaambia kwetu.

Kaka yangu nimempigia. Hajanisikiliza hata nimalize, kasema watoto walete, kashaongea na mtu wa ngalawa. Mwenzangu anataka simu aandike mwenyewe, haya.

mama_wawili:

Wakuu habari, hapa ni baba watoto. Nimesoma yote. Kijana wa Kitangari nitakutafuta.

Nimekubali Lindi mwezi wa 6. Masharti yangu ni haya. Mwezi wa 11 msimu ukianza ijumaa jioni tunapanda Newala, wikiendi tu, sare za shule za zamani wavae makusudi wakale mabibo mpaka wachoke, na debe la kuchomea nitalitoboa mimi. Na jambo la maji, nimempenda yule bibi wa daraja. Kwa mama yangu siku hizi bomba lipo na kisima cha kukinga mvua kipo, lakini njia ya kushuka bondeni bado ipo, nimeulizia, imeota majani tu. Nitawaamsha saa tisa. Kila mtu na kidumu chake cha lita tano, mama yao na yeye, maana miaka yote ananisikiliza tu hajawahi kupandisha ule mlima.

Kuhusu jina, ahsanteni kwa kumuelewesha. Mtani wa Masasi umeniandikia inboksi unabahatisha majina matatu. Hakuna hata moja.