Kipimo cha moyo cha Mzee: kikundi cha WhatsApp cha Majirani wa Bombo, Uganda

Hajjat Zubeda: Asalaam aleikum majirani. Baba Rehema kaandikiwa kile kipimo cha moyo cha kutembea juu ya mashine, hospitali ya Mulago, Alhamisi saa tatu asubuhi. Karatasi inasema tu "asile". Ana presha na sukari. Tumtayarishe vipi?

Musawo (mhudumu wa afya) Sauda: Waaleikum salaam Hajjat. Tuanze na dawa. Soma majina kwenye pakiti.

Hajjat Zubeda: Atenolol 50 na amlodipine 5 za presha, na metformin ya sukari.

Musawo Sauda: Atenolol ndiyo yenye maneno. Inauzuia moyo kwenda mbio, na kipimo kinataka moyo uende mbio. Daktari akitafuta kama mishipa ya moyo imeziba, mara nyingi huisimamisha siku moja au mbili kabla. Akitaka kuona kama dawa inamsaidia, humwacha aimeze. Kwa hiyo ASIIACHE kwa maneno ya WhatsApp. Ikikatwa ghafla, presha inaruka na kifua kinaweza kuuma. Wapigieni simu hospitali leo, msingoje Jumatano usiku.

Ismail wa Duka la Dawa: Naongezea kuhusu sukari. Metformin peke yake ni nadra kuishusha sana. Hatari iko kwa glibenclamide, kidonge kingine cha sukari, na insulini: mtu kameza au kajidunga, hajala, halafu anapandishwa mlima wa mashine. Waulizeni hata hiyo metformin ya asubuhi, na mbebe kipima sukari na soda yenye sukari ya kawaida. Soda ni ya dharura tu.

Mama Faridah: Na hiyo "asile" ni tangu usiku?

Musawo Sauda: Kawaida ni muda wa saa tatu hivi kabla ya kipimo, na maji anakunywa. Mwenye sukari asikae na njaa usiku kucha bila kuwauliza. Kipande cha mkate saa kumi na mbili kinatosha, katogo (matoke ya kuchanganya) ingoje mpaka arudi. Kahawa, chai ya majani, kola na chokoleti aviache tangu Jumatano asubuhi. Sigara pia.

Kijana Rashidi: Si apande tu atembee haraka amalize? 😅

Musawo Sauda: Kasi haiamui yeye, Rashidi. Utaratibu unaotumika zaidi unaitwa Bruce. Dakika 3 za kwanza mkanda unakwenda kilomita 2.7 kwa saa, lakini umeinuliwa asilimia 10. Kisha 4.0 kwa asilimia 12, kisha 5.4 kwa asilimia 14. Kinachochosha ni ule mwinuko, maana dakika ya nne miguu huanza kulalamika kabla ya kifua. Kwa wazee dhaifu huanza na mkanda tambarare.

Lengo ni mapigo yafike asilimia 85 ya 220 ukitoa umri. Mzee ana miaka 60, kwa hiyo 160, na asilimia 85 yake ni 136. Akikomea 110 na karatasi ikaonekana safi, hakuna wa kusema moyo ni mzima. Kipimo hakijajibu, na nauli imekwenda.

Hajji Musa: Asishikilie vyuma kama abiria wa lori. Akivining'inia, mashine itadhani ana nguvu asizonazo. Vidole viguse tu, apate mizani.

Musawo Sauda: Kweli Hajji. Na mavazi: kanzu abaki nayo nyumbani, itamnasa miguu. Suruali pana, shati la vifungo mbele, raba alizokwisha kuzizoea. Sandali hapana. Kifuani asipake mafuta wala losheni. Vibandiko 10 vya nyaya za mashine vinategemea ngozi kavu. Pakiwa na mafuta na jasho vinateleza, mstari wa ECG, yaani mchoro wa umeme wa moyo, unakuwa kama mwandiko wa kuku, na hapo ndipo wanasimamisha mashine kubandika upya huku mapigo yanashuka. Nywele atanyolewa hapohapo.

Hajjat Zubeda: Na akizidiwa huko juu?

Musawo Sauda: Aseme palepale. Kifua kubana, taya au mkono kuuma, kizunguzungu, pumzi kukata: hayo ni majibu yenyewe ya kipimo, asiyafiche kwa ushujaa. Mhudumu naye anatazama skrini na kupima presha kila hatua. Namba ya juu ya presha ikishuka wakati mzigo unaongezeka, au ikipita 250, wanasimamisha. Kisha anaangaliwa dakika 6 hadi 10 akipumzika, kwa sababu mabadiliko mengine hutokea akishatulia.

Ikiwa kifua kimeanza kumuuma hata akiwa amekaa, asingoje Alhamisi. Huyo ni wa kupelekwa dharura leo hii.

Ismail wa Duka la Dawa: Mkishuka taksi msipande kilima cha Mulago kwa miguu. Atafika kashachoka. Na mbebe ECG ya zamani, walinganishe.

Mama Faridah: Sisi wanawake je? Kifua wazi mbele ya watu?

Musawo Sauda: Omba sista wa kike mapema, siku ya kupanga miadi. Vaa sidiria isiyo na waya na blauzi ya vifungo. Hijabu fupi haina shida, ndefu itapigana na nyaya. Na ukiambiwa majibu "si mazuri", usilie kwanza: kwa wanawake mstari hudanganya mara nyingi zaidi, kwa hiyo huenda ukatumwa kwa kipimo cha picha.

Hajjat Zubeda: Nimewapigia. Atenolol anaacha kuanzia Jumanne jioni, metformin anameza baada ya kipimo. Rashidi, raba zako namba ngapi?

Kijana Rashidi: 43, Hajjat. Lakini musawo kasema alizozizoea!