Viwavi wa Ornithoptera na mmea unaowaua

Mdadisi: Ndugu zangu, nimesoma kwamba viwavi wa jenasi ya Ornithoptera, wale vipepeo wakubwa wa Guinea Mpya, Maluku, Visiwa vya Solomon na kaskazini-mashariki mwa Australia, hula majani ya mimea ya jamii ya Aristolochia, ambayo ina sumu. Wanawezaje kuishi kwa chakula hicho? Na kwa nini wasipandiwe Aristolochia yoyote inayostawi kwa urahisi, ili waongezeke?

Mwanamisitu: Swali la kwanza ni jepesi: miili yao huihifadhi sumu hiyo bila kudhurika, na hubaki nayo hata kiwavi akishakuwa kipepeo, hivyo ndege aliyemwonja mara moja hamrudii. La pili ndilo lenye mtego. Kusini-mashariki mwa Queensland, jimbo la Australia, watu walipanda bustanini Aristolochia elegans, mmea mtambaazi wa Amerika ya Kusini, kwa ajili ya maua yake ya ajabu (nami nakiri kwamba yanavutia). Jike la Ornithoptera richmondia hutaga mayai juu yake kana kwamba ni mmea wake wa asili, Pararistolochia praevenosa, lakini viwavi wakianguliwa na kuanza kula majani hayo hufa. Sumu ya jamii moja haifanani katika kila spishi, na kiwavi amezoea ile ya mmea wa kwao tu.

Msomaji wa Viumbe: Naongezea habari za Ornithoptera alexandrae, kipepeo mkubwa kuliko wote duniani, ambaye jike lake huweza kuzidi sentimita 25 kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya pili. Albert Meek, mkusanyaji wa viumbe kutoka Uingereza, alimpata wa kwanza mwaka 1906 kwa kumpiga bunduki, maana huruka juu sana. Anapatikana katika Mkoa wa Oro pekee, nchini Papua Guinea Mpya, ambako mlipuko wa mlima Lamington mwaka 1951 uliteketeza sehemu ya misitu yake, na baadaye mashamba ya michikichi yakameza nyingine. Mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, unapiga marufuku biashara yake ya kimataifa, lakini kwa maoni yangu marufuku hiyo haimfai kitu kiwavi asiye na jani la kula.

Mdadisi: Je, ile Aristolochia elegans ing'olewe?

Mwanamisitu: Ndiyo, pamoja na mizizi yake, kisha ipandwe Pararistolochia penye unyevu, karibu na mti wa kutambaa juu yake.