Nyumba ya shamba ya enzi ya wafalme George: nyuso za matofali zinabanduka

mdau_norfolk: Wakuu, habari. Nyumba iko Norfolk, Uingereza, ya miaka ya 1780, matofali mekundu. Ukuta unaopigwa na mvua zaidi ulizibwa viungo (nafasi kati ya tofali na tofali) kwa saruji. Sasa matofali yanabanduka maganda, saruji imebaki imetokeza nje kama mbavu, na lipu ya ndani imelowa. Nipake dawa ya kuzuia maji?

fundi_chokaa: Usipake mkuu, utayafungia maji ndani. Ukuta huo hauna uwazi katikati, ni tofali kutoka nje hadi ndani, unene inchi 9 au 13½. Mvua huingia kidogo, kisha hukaukia nje kupitia viungo vya chokaa. Saruji imeziba njia hiyo, kwa hiyo maji yanatokea kwenye tofali lenyewe. Chumvi inajikusanya nyuma ya uso, baridi inagandisha maji, yanavimba, uso unang'oka.

Itoe saruji kwa tindo nyembamba na nyundo, kina mara mbili ya upana wa kiungo. Grainda weka mbali kabisa! Viungo vya enzi hizo ni vyembamba, itakula kingo za tofali na hazirudi. Panapogoma, acha. Suuza vumbi, lowesha, jaza kwa chokaa ya NHL (chokaa asilia inayokaza hata kwenye unyevu) ya nguvu 2 au 3.5, kipimo 1 kwa mchanga mkali (wa chembe zenye kingo) 3. Mchanganyiko uwe mkavumkavu: ukiufinya unashikana bila kuchafua kiganja. Ukianza kukaza ugonge kwa brashi ngumu, kisha funika kwa magunia yenye unyevu wiki nzima. Chini ya nyuzijoto 5 za Selsiasi usifanye kazi.

mji_mkongwe: Zanzibar tunaliona hilohilo: ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa ukipigwa lipu ya saruji, unyevu unanasa ndani. Inaumiza sana kuona.

mpimaji: Kabla ya tindo, uliza halmashauri. Nyumba nyingi za umri huo ziko kwenye orodha ya majengo yanayolindwa, na kazi hii huenda ikahitaji kibali.

Matofali yaliyokufa yabadilishe kwa kufuata mpango uliopo. Mara nyingi upande wa mbele ni kichwa (upande mfupi wa tofali), ubavu (upande mrefu), kichwa, ubavu katika kila mstari. Pima kwanza: kodi ya matofali (1784–1850) ilitozwa kwa idadi, wengine wakafyatua makubwa ili walipe kidogo, kwa hiyo tofali la leo lenye kimo cha milimita 65 huenda lisilingane na mistari. Matao juu ya madirisha usiyaguse: tofali zake zilisuguliwa hadi kiungo kikabaki milimita 1 au 2, na hakuna tindo inayopita hapo.