Kamera moja iliyotumika au simu mbili na maiki? Wanafunzi wanatengeneza filamu fupi Bagamoyo

Mwl_Dunda: Wakuu habari za jioni. Nasimamia klabu ya filamu shuleni hapa Bagamoyo, mwezi ujao watoto wanaanza kurekodi filamu fupi ya dakika kama 10. Hela kidogo imepatikana, Jumamosi naenda Kariakoo. Nimeonyeshwa Canon 700D iliyotumika na lenzi yake, ila kuna mtu ananiambia niachane na kamera nichukue simu mbili nzuri na maiki. Nataka watoto wajifunze kitu cha maana. Nichukue ipi?

FundiSauti: Mwalimu, hela kiasi gani? Watoto wangapi? Mtaediti kwenye kompyuta gani? Mnarekodi ndani au ufukweni? Bila hayo tutabashiri tu.

Mpigapicha_wa_Pwani: Kamera, tena usijiulize. Simu inamwamulia mtoto kila kitu, yeye anabonyeza tu. Kwenye 700D atashika ISO (kamera inavyohisi mwanga), shata (muda wa kuingiza mwanga), mwanya wa lenzi, ataona mwenyewe kwa nini uso uko safi na nyuma kumefifia. Mwambie aweke fremu 25 kwa sekunde na shata 1/50, umeme wetu ni hezi 50 kwa hiyo taa za darasani hazitampepesea kwenye picha. Mtoto akishalijua hilo halimtoki.

Binti_Nianjema: Kaka na kwenye simu unafunga hivyo vitu, Blackmagic Camera ni apu ya bure na inakupa shata na fremu zote. Ila kwa Android haikubali kila simu, mwalimu uangalie kabla hujalipa.

FundiSauti: Mnabishana picha wakati kinachoua filamu za wanafunzi ni sauti. Ngoja niwape yaliyonikuta. Nilisaidia vijana fulani, sini kubwa ilikuwa pale ufukweni karibu na soko la samaki, baba na mtoto wanagombana kuhusu mashua, na yule kijana aliyecheza mtoto alikuwa anajua, watu wa sokoni waliacha mnada wakawa wanamwangalia. Tulitumia maiki ya ndani ya kamera. Kufika nyumbani tunasikiliza, upepo mtupu, vuuuu mwanzo mwisho, neno halisikiki. Tukasema tutarekodi upya sauti darasani tumebandika mablanketi ukutani, lakini shule zikafungwa, tukarudi baada ya likizo na kijana sauti imeshavunjika, anaongea kama baba yake. Sini nzima tukaitupa. Mpaka leo inaniuma kwa ajili ya yule kijana. Na hiyo 700D haina tundu la hedifoni, hamtasikia kosa mpaka mko nyumbani.

Mwl_Dunda: Pole sana FundiSauti. Samahani nilisahau maelezo, ni laki tisa, wanafunzi 22, laptopu mbili za ramu 8. Sini mbili ufukweni, moja darasani, moja magofu ya Kaole.

Binti_Nianjema: Wanafunzi 22 na kamera moja?? Mmoja anashika, ishirini na mmoja wanatazama. Chukua simu mbili, kundi moja linarekodi lingine linafanya mazoezi.

Mpigapicha_wa_Pwani: Dada kwenye filamu si wote wanashika kamera. Kuna mwongozaji, wa sauti, wa kugonga kibao cha namba ya sini, wa kuandika nguo na vitu vilikaaje ili sini inayofuata isipishane. Hiyo nayo ni elimu.

Kijana_wa_Kaole: Shikamoo mwalimu. Kwenye kuediti chukua DaVinci Resolve, ni bure na inatoa video bila chapa yao juu ya picha.

Fundi_Laptopu: Kwa ramu 8 itagandaganda mpaka watoto waichukie. Weka Kdenlive, nayo bure, utengeneze proksi, yaani nakala nyepesi za video, ndiyo uediti. Na video za simu mara nyingi kasi ya fremu inapanda na kushuka, ukiunganisha na sauti iliyorekodiwa pembeni midomo inaachana na maneno. Pitisha kwenye HandBrake kwanza, programu ya kubadilisha video, uifanye kasi moja.

Kijana_wa_Kaole: CapCut basi, ya kwenye simu. Halafu mwalimu tafuta droni, Kaole kutoka juu inapendeza mno!

Fundi_Laptopu: Droni inataka kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, mdogo wangu, na Kaole ni mambo ya kale, aanze kuwaona wahusika wa pale na Bodi ya Filamu.

Mwl_Dunda: Marahaba kijana. Droni hapana. Watoto wenyewe wameandika sini ya mwisho jua linazama baharini.

Mpigapicha_wa_Pwani: Mwalimu bahari yetu iko mashariki! Jua linachomoza huko, linazama nyuma yenu kwenye minazi. Waamke alfajiri, ule mwanga wa saa kumi na mbili na nusu hakuna taa inayouweza.

Mwl_Dunda: Kweli kabisa, tutaibadilisha iwe asubuhi. Kamera au simu bado sijaamua, nitaenda na wanafunzi wawili dukani wazishike wenyewe. FundiSauti, ya upepo nifanyeje?

FundiSauti: Chukua maiki ya kubana kwenye nguo, BOYA BY-M1, waya wake ni mita 6 na inaingia kwenye simu yenye tundu la hedifoni na kwenye kamera, kuna swichi ya kuchagua watoto wasiisahau. Kichwani mwa maiki vesha manyoya ya mdoli wa zamani, mnashona wenyewe. Halafu nitumie hiyo skripti, nataka kuona sini za ufukweni zina maneno mangapi.