Naomba ushauri: kitabu cha kuchagua njia kukigeuza mchezo wa mezani

Wakuu, habari za jioni. Niko Nkuhungu, Dodoma. Ninacho kitabu cha The Warlock of Firetop Mountain cha mwaka 1982, chenye vipande 400 ambavyo msomaji huchagua aende kipi, na nataka kukichezesha kwa wenzangu wanne, mimi nikiwa msimulizi.

Shida ni kwamba kiliandikwa kwa msomaji mmoja. Zimwi linalomtoa jasho mtu mmoja, likikutana na wanne wenye dadu mbili mbili, kila pigo likiondoa pointi 2 za nguvu, halimalizi hata dakika. Juzi lilikufa kabla zabibu hazijafika mezani! Niongeze mazimwi, au moja lipige wote?

Halafu zile funguo za kufungulia sanduku la hazina mwishoni: wakizikosa njiani, safari yote bure. Nyie huwa mnazificha sehemu zaidi ya moja?