Mganga wa jeshi akishatoka jeshini aanze upya kabisa? Naomba kueleweshwa

Mama Zuu, Ngamiani
Habari zenu wana Tanga na wengine wote. Mi si mtu wa afya, nauza vitenge tu hapa Ngamiani, kwa hiyo mnieleweshe taratibu. Mtoto wa kaka yangu alipata ile bahati nasibu ya viza akaenda Marekani, kufika huko akaingia jeshini na wakamfundisha uganga wa vikosini, yule anayebeba begi la dawa na kumkimbilia mwenzie akiumia. Kakaa miaka minne. Sasa katoka, yuko Virginia, juzi kanipigia usiku sauti imekwisha kabisa, ananiambia shangazi nimezunguka hospitali wanasema cheti nilichonacho ni cha kukaa kwenye ambulensi tu, ndani ya wodi siruhusiwi kumgusa mgonjwa. Yaani mtu kashona vidonda, kaweka dripu usiku kwa tochi, kachanja kikosi kizima, leo anaambiwa hajui?! Nimelia jamani. Alafu kaniambia kasikia kuna sheria ya jimbo inawaruhusu watu kama yeye wafanye kazi hospitali wakisimamiwa na daktari. Ni kweli? Na hapa kwetu wanajeshi wa namna hiyo wakistaafu inakuwaje?

Kijana wa Chumbageni
Shikamoo Mama Zuu. Ni kweli kabisa, mi nimeishi jimbo la jirani la Maryland miaka kadhaa na nina rafiki aliyepitia hiyo njia. Kwanza ujue kule leseni ya kutibu haitolewi na serikali kuu, kila jimbo lina bodi yake. Sasa jeshi ni la serikali kuu, mganga wa kikosi anafanya mambo mengi kwa kukabidhiwa na daktari wa jeshi bila kuwa na leseni ya jimbo lolote, siku anavua gwanda ile ruhusa inabaki getini, mkononi anabaki na cheti cha huduma ya dharura ambacho ndicho hicho cha ambulensi. Hawajamdharau mtoto wako, ni karatasi ndo haipo.

Virginia ndo wakaliona hilo, 2016 wakapitisha sheria ya mpango wa majaribio, unasimamiwa na idara yao ya wanajeshi wastaafu wakishirikiana na idara ya taaluma za afya. Mganga wa jeshi la nchi kavu, la majini, la anga au walinzi wa pwani anaajiriwa na hospitali iliyo kwenye mpango, na anafanya yale tu anayokabidhiwa na daktari mwenye leseni kamili ya Virginia. Kutoa damu, kuchanja, kushona, vitu hivyo. Haimfanyi awe daktari wala nesi, inampa pa kusimama huku anasoma apate leseni yake mwenyewe. MUHIMU: sheria inawataka waliotoka jeshini karibuni, kwa hiyo mwambie asilaze damu, akichelewa mlango unaweza kumfungia.

Na si wazo geni kule. 1965 daktari mmoja wa chuo kikuu cha Duke, Eugene Stead, alichukua vijana wanne waliokuwa waganga wa jeshi la majini akaanza nao mafunzo ya kada mpya kabisa, kitu kinachofanana na daktari msaidizi wetu. Leo hiyo kada imejaa Marekani nzima.

Nesi wa Zamu
Mama Zuu pole sana, nakuelewa. Ila niseme kama mtu wa wodini, hilo neno KUSIMAMIWA msilipite haraka. Mganga wa jeshi la nchi kavu kule anafundishwa kama wiki 16 hivi, na sehemu kubwa ni damu, risasi, kufunga mkanda kuzuia damu, kumtoa mtu hewa iliyomjaa kifuani. Kwa hayo anaweza kunishinda mimi na nakubali. Tabibu wetu anasoma miaka 3 baada ya fomu foo. Sasa mlete huyo kijana zamu yangu ya usiku: bibi wa miaka 70 mwenye kisukari na presha na figo zinachoka, mjamzito anayeona maluweluwe, mtoto wa wiki tatu hanyonyi. Hawa hakuwaona kikosini, kikosini wote ni vijana wazima. Ndo maana mi naiunga mkono sheria hiyo, lakini daktari awepo kweli, asiwe jina kwenye karatasi huku mwenyewe yuko nyumbani. Hilo la jina kwenye karatasi nimeliona kwa macho yangu sehemu niliyowahi kufanya kazi na mgonjwa ndo aliumia.

Mzee Mstaafu
Huyo binti nesi kasema kweli tupu, nami nishuhudie. Mi nilifundishwa kazi ndani ya kikosi, nikaenda vita vya Kagera 1978, nimefunga vidonda ambavyo sitavielezea hapa. Niliporudi nikapata kazi zahanati moja upande wa Muheza chini ya tabibu mzee, Mungu amrehemu. Wiki ya kwanza kaletwa mtoto ana degedege, mama analia, mikono yangu ikaanza kazi yenyewe, nikavuta dawa kwenye sindano kama nilivyozoea. Yule mzee akanishika kiwiko, hakupiga kelele, akaniuliza, "Ana kilo ngapi?" Nikaganda. Askari wangu wote walikuwa watu wa kilo 60 na kitu, sikuwahi kupima mtu. Yule mtoto alikuwa na kilo 9. Tangu siku ile mpaka nastaafu sijavuta dawa ya mtoto kabla ya mzani.

Kuhusu swali la hapa kwetu mama, siku hizi si kama enzi zetu. Jeshi lina chuo chake cha tiba pale Lugalo, Dar es Salaam, kinatoa matabibu na manesi, na hospitali yenyewe ya Lugalo inatibu raia kila siku, kwa hiyo anayesoma pale raia hawamshangai. Tuliopata tabu ni sisi tuliofundishwa kambini bila cheti cha maana.

Mama Zuu, Ngamiani
Mzee wangu shikamoo, nimesoma hiyo ya kilo 9 mara mbili nimesisimka mwili. Nesi ahsante mwanangu. Kijana wa Chumbageni, nimempigia sasa hivi kule asubuhi, nimemwambia aende idara ya wastaafu leo leo na makaratasi yake yote ya jeshi, na akipata hospitali aulize kwanza daktari atakayemsimamia ni nani na atakuwepo zamu zipi. Kaniambia sawa shangazi. Na habari ya mzani nimemsomea yote, kakaa kimya kidogo alafu kasema mtoto mdogo hajawahi kumtibu hata mmoja.